Nguruwe Walionusa Udi

Mjukuu wangu Salma,

Nguruwe mwitu hufikiri; hilo ndilo dai langu. Huku Euless, Texas, hatujambo, na shangazi yako amejifungua salama. Umeniuliza kutoka Houston nimejuaje, nami, babu yako kwa ukoo ingawa nimehitimu chuo juzi tu, nakujibu.

Nikiwa mwanafunzi nililinda mapipa ya mahindi ya kulishia kulungu kwenye shamba la wawindaji. Yangeangushwa tena na nguruwe, ningefukuzwa. Ijumaa moja asubuhi nilitega zizi la chuma la kuwanasia, shati langu likiwa limefukizwa udi kwa ajili ya sala ya Ijumaa.

“Umekuja kutega au kuoa, bwana harusi?” mwenzangu Juma alinicheka.

Nguruwe jike alifika mlangoni, akanusa, akawazuia wanawe. Kundi zima likageukia kichaka nilimojificha, likanitazama kimya. Kisha, bila haraka, likaenda kuangusha mapipa yote, na kazi yangu ikaishia hapo.

Ukipinga, nijibu Idi hii, mbele ya ukoo mzima.