Boti Zisizo na Taa

Jumatano, 3 Septemba

Nimeanika dagaa asubuhi, mabeseni mawili tu. Zamani mchanga wote wa mbele ya nyumba ulikuwa hautoshi. Sadiki, nahodha wa boti yangu, karudi kanuna, hata chai hakunywa. Mwezi unakua, taa zetu hazivuti tena samaki, kwa hiyo kuanzia kesho tunapumzika. Mwalo mzima, ufukwe wote wa wavuvi, unapumzika, isipokuwa Deo.

Deo ni mdogo wa marehemu mume wangu. Mbalamwezi ndiyo msimu wake. Anavuta kokoro, wavu mrefu unaokokotwa kwa kamba, pale mto unapoingia ziwani, palepale samaki wanapozalia, anazoa mpaka vitoto. Serikali imekataza, yeye anavuta. Boti zake haziwashi taa. Simpendi. Nilimpenda kidogo alipokuwa hana kitu.

Ijumaa, 5 Septemba

Gunia moja tu la dagaa limepanda basi kwenda kwa dada yangu, sokoni Kashaulili, Mpanda mjini. Akapiga simu: "Sasa wateja niwaambie nini?" Nikamkatia.

Jioni nilimfuata Laurenti, mlinzi wa mwalo. Kazi yake ni moja: boti ikisogea bila taa apige filimbi, watu watoke. Majambazi wa ziwani wameshabeba injini za wenzetu mwalo wa jirani. Nikamuuliza mbona kwenye mbalamwezi filimbi haisikiki. Akacheka.

"Mama Anjela, nikipiga si namfukuza shemeji yako? Na nyie wote mnakula samaki wake."

Ni kweli. Hapa kila mtu anajua: boti isiyo na taa ni ya Deo, geuka upande wa pili ulale. Mama mkwe naye alishanionya nisiingize polisi kwenye ukoo. Nimemtii. Lakini nina injini moja tu, niliuza shamba la Mwamkulu kuipata. Ikienda, sina pa kurudi.

Jumatatu, 8 Septemba

Wameichukua.

Jumanne, 9 Septemba

Leo naweza kuandika.

Majambazi walikuja usiku wa kuamkia jana, kwa makasia, bila taa. Mwezi mweupe kabisa. Laurenti aliwaona, akajifunika blanketi. Alidhani ni Deo. Mimi pia niliyasikia makasia. Nilimtukana Deo moyoni, nikageuka upande wa pili. Wakafungua injini zote za ufukweni bila haraka, kama watu walio kwao. Sadiki alipotoka wakampiga kwa kasia. Mkono umevunjika, yuko hospitali Mpanda.

Injini ya Deo imepona. Ilikuwa naye kule mtoni, kwenye kokoro. Namchukia Laurenti. Namchukia Deo zaidi. Na mimi mwenyewe sijipendi.

Alhamisi, 11 Septemba

Askari wamekuja, mkutano ukaitishwa. Wakauliza kwa nini filimbi haikulia. Laurenti akasema alisinzia. Mwongo mkubwa! Nikasimama nikasema yote, nikamtaja Deo kwa jina. Askari akauliza nani mwingine anajua habari hizo. Hakuna hata mkono mmoja. Watu walioibiwa kama mimi, wanatazama vidole vya miguu yao!

Mama mkwe ndiye aliyejibu: "Msameheni, ana uchungu, hajui anachosema." Deo akaniangalia kwa huruma. Huruma, yeye! Ningekuwa na jiwe karibu ningemtwanga nalo. Askari wamepanda gari lao wakaondoka.

Jumapili, 21 Septemba

Vijana wangu wa boti wameondoka mmoja mmoja. Wawili wanavuta kwa Deo. Boti imejaa mchanga, kuku anataga ndani.

Kanisani, wakati wa kupeana amani, benchi langu lilikuwa na mimi na binti yangu Anjela tu. Sikushangaa. Niliimba kwa sauti kubwa makusudi, wanisikie.

Dada sasa anauza nyanya. Alisema nihamie kwake Makanyagio, halafu akataja chumba ni kimoja. Nimeelewa. Jioni Anjela aliuliza tunakula nini, nikamfokea mtoto asiye na kosa. Nikaenda kulia jikoni. Nawachukia wote, na ugali hauna mboga.

Jumamosi, 4 Oktoba

Jana mama mkwe alipita. Hakukaa. Alisema tu, "Kuna nafasi kwenye kamba, mwanangu," akaenda zake.

Usiku nilikwenda mtoni, kwenye kokoro la Deo. Wanawake ni wengi kuliko nilivyodhani, wengine ni wale wa kwenye mkutano. Wakanisogezea nafasi bila neno. Maji yalifika magotini, ya baridi. Deo hakunisema. Alinionyesha pa kushika, nikashika, tukavuta.

Samaki walikuwa wadogo, kidole cha mtoto kinawazidi. Nilipewa beseni langu. Asubuhi nimewakaanga na chumvi. Anjela kala, akaomba tena, nikamwongeza. Kisha nami nikala. Walikuwa watamu.