Siku Tulipobeba Nyuki Kutoka Saboti

Baba Nekesa,

Ni mimi, Rael. Au Lael, kama ulivyoniita miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Sikuwahi kukurekebisha kwa sababu nililipenda jina hivyo. Leo ni siku yangu ya kupumzika. Nimeketi kwenye ngazi ya nyumba hapa Kibomet, dada yangu ameenda sokoni kuuza viatu vyake, na jicho langu la kushoto bado limefura kidogo. Nitakueleza kwa nini. Utacheka.

Kwanza habari za mazishi yako. Gari lililokutoa mochari kukupeleka kwako Bungoma lilienda polepole mpaka bodaboda zilizotusindikiza zikawa zinazimika. Mama Nekesa alikuwa ameketi mbele. Alivumilia, akavumilia, mwishowe akamgeukia dereva akasema, "Kijana, huyu mtu angekuwa mzima angekwambia ushuke akuonyeshe kazi." Gari lote likacheka. Halafu tukalia. Halafu mtu akakumbuka jinsi ulivyokuwa unapiga king'ora kidogo tu kumsalimia mama wa ndizi pale njia panda, tukacheka tena.

Lakini nilikuwa na hasira na wewe. Umekimbiza watu hospitalini na ambulansi yetu kutoka kila kona ya Trans-Nzoia, kisha ukaenda likizo, moyo ukasimama ukipalilia maharagwe shambani kwako, na mimi niko Kitale na mkoba wangu wa dawa. Nani alijua habari zako nitazipata kwa simu ya Mama Nekesa? Basi. Hasira zimepungua. Nimesema nisikuandikie za kuomboleza.

Walinipa dereva mpya, msichana anaitwa Chepkemoi. Ni wa huku huku mlimani, alikuwa anaendesha basi la shule. Anaendesha vizuri, sitakudanganya. Kona anazikata taratibu, mgonjwa hata hajui. Shida yake ilikuwa moja, haongei. Na wewe unajua ulinizoesha vibaya.

Unakumbuka tulivyokuwa tukirudi kutoka Bungoma baada ya kumfikisha mgonjwa? Ilikuwa lazima usimame Kiminini, pale kwa kibanda cha chai. Unaagiza mandazi, unanisogezea kikombe, unasema, "Haya Lael, sema. Barabara nimeiona mimi, huko nyuma sijaona. Kwa nini uliniambia niongeze mwendo, halafu ukasema nipunguze?" Nami nasema. Nakueleza mapigo ya moyo, damu, mama aliyenishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Hata yale ya kijinga nilikueleza, kama yule mzee wa goti lililovunjika aliyekataa kuvuliwa gumboti kwa sababu soksi zake zimetoboka. Tukimaliza chai ninarudi kwangu nikiwa mwepesi, nalala.

Ulipoondoka nikaacha kusema. Nilikuwa nafika nyumbani, dada ananiuliza, "Kazi?" Najibu, "Poa." Kisha tukapata ile simu ya hapa hapa Kibomet, mtoto wa kike aliyetumbukia kwenye pipa la maji. Nilimpigania mpaka hospitalini, hakuamka. Alikuwa amevaa soksi moja. Baba Nekesa, ile soksi sikuweza kuitoa kichwani. Nikiona soksi kwa kamba ya nguo, nageuka. Nilikuwa nimeshamwambia dada anitafutie nafasi ya meza karibu na yake sokoni, niache hii kazi niuze viatu. Akaniambia, "Wewe utauzaje viatu na unaogopa soksi?" Alikuwa anatania. Hakujua.

Sasa nyuki.

Wiki iliyopita, mchana, tukaitwa Saboti. Bibi mmoja, watu wa pale wanamwita Kogo, yaani nyanya, alikuwa amevamiwa na nyuki wake mwenyewe. Tulipofika, majirani wote wamesimama mbali kabisa, wamejifunika magunia kichwani. Chepkemoi bado anapiga king'ora, mwanaume mmoja akatupungia mikono, "Zimeni hiyo kitu! Si mnawakasirisha!" Kogo alikuwa amelala chini ya ghala la mahindi. Nikamwona kifua kinavyopanda. Pumzi ilikuwa inapita kwa shida, mdomo umefura. Nikajua koo linafunga.

Nikamwambia Chepkemoi tusubiri watu wawashe moshi. Akanitazama, akauliza, "Atangoja?" Nikasema hapana. Akafunga madirisha, akaipitisha ambulansi katikati ya ua wa michongoma hadi mlangoni mwa ghala. Nikajifunga blanketi, nikaruka. Sijui nimeumwa mara ngapi. Nilimdunga Kogo adrenalini kwenye paja, juu ya nguo, na Chepkemoi, ambaye si kazi yake kabisa, akawa amemshika miguu tunamwinua pamoja. Tukafunga mlango. Ni wakati huo tukagundua kwamba nyuki pia wameingia.

Tuliteremka kutoka Saboti tukiwa na abiria hao. Chepkemoi ameumwa kwenye kope, anaendesha kwa jicho moja, anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya juu. Mimi nimeshika oksijeni kwa mkono mmoja na kiatu kwa mkono mwingine, napiga kila kinacholia. Pumzi ya Kogo ikaanza kufunguka. Mapigo yakatulia. Kisha akafungua macho, akavuta ile barakoa kando, na neno lake la kwanza likawa, "Wacha kuua nyuki wangu."

Nikaangua kicheko. Chepkemoi akauliza, "Amesema nini?" Nikamwambia. Akacheka mpaka nikaogopa tutaingia mtaroni. Pale hospitalini askari wa lango alikuja kutufungulia mlango wa nyuma, akaona kilichotoka, akakimbia, kofia yake tukaiokota sisi.

Kogo alipochukuliwa ndani, tulikaa kwenye ukingo wa saruji, nyuso zimefura kama mandazi yako ya Kiminini. Bado tunacheka. Halafu nikaona Chepkemoi hacheki tena, analia.

Akasema, "Madam, leo tumefika. Kibomet ni mimi nilichelewa. Lile lori la mahindi lilikuwa limeziba barabara, ningepitia juu ya nyasi. Sikupita. Kila siku napita hapo naona pale ningepita."

Muda wote huo, Baba Nekesa. Ameibeba hiyo peke yake, na mimi nilikuwa nadhani anyamazavyo ndivyo alivyo. Nikamwambia, "Chepkemoi, yule mtoto alikuwa ameshaondoka kabla hatujapigiwa simu. Nilijua nilipomgusa. Niliendelea kwa sababu mama yake alikuwa ananiangalia. Hata ungeruka hilo lori, ingekuwa vile vile."

Akauliza, "Kweli?"

"Kweli."

"Na mbona hukuniambia?"

Nilidhani anajua. Lakini angejuaje? Yeye macho yake yako barabarani. Tukaongea mpaka watu wa usafi wakatuomba tusogee wafagie. Nilimweleza hata habari ya soksi. Alinishika tu bega na ule mkono wake uliofura, lakini usiku huo nililala mpaka asubuhi.

Sasa nakuuliza wewe. Miaka yote ile nilidhani ile chai ilikuwa ya kunisaidia mimi. Kumbe na wewe ulikuwa unataka kujua. Ulikuwa unaendesha ukiwa umegeuza mgongo kwa kila kitu, unasikia tu sauti, na hukutaka kwenda kwa Mama Nekesa na maswali. Mbona hukuniambia, bana? Ningekununulia hata mandazi ya pili.

Kogo ameruhusiwa kurudi nyumbani. Alipita kituoni na chupa ya asali, akatuambia nyuki wake wametusamehe. Nusu ni ya Mama Nekesa, nitampelekea Jumamosi. Nekesa amepata nafasi chuo, anasomea uhasibu. Anasema damu hataki kuiona. Mwache.

Na dada nimemwambia ile meza ampe mtu mwingine.

Ninakuaga hapa, Baba Nekesa, maana jua limefika kwenye ngazi na jicho linaniwasha. Pumzika, usiwe na wasiwasi na sisi. Ninakuahidi jambo moja tu: hakuna dereva atakayefanya kazi na mimi arudi kwake bila kujua kilichotokea nyuma yake. Nitamwambia, awe ameuliza au hajauliza.

Wako,
Lael