Maelezo ya Shahidi Kuhusu Paa Lililokuwa na Majibu Mawili

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake. Umri: miaka 47. Kazi: mhandisi wa majengo. Makazi: ghorofa ya pili, nyuma ya soko la nguo.

Mimi ndiye msimamizi wa ujenzi wa ghala lililoanguka. Majeruhi ni mhandisi mwenzangu, tena ni shemeji yangu. Nimemwoa dada yake.

Mnamo tarehe 9 asubuhi, matangi ya maji yalipokwisha kupandishwa juu ya paa, tuliona nguzo nne za chuma zimeanza kupinda. Chuma kikielemewa kidogo hupinda na kurudi. Kikizidiwa, hakirudi. Kila mmoja wetu alipiga hesabu kwa kompyuta yake, kwa mzigo uleule. Yangu ilionyesha nguzo zote zimepinda kidogo kwa pamoja na paa limesimama. Yake ilionyesha nguzo moja inaendelea kupinda peke yake, zile tatu zinajinyoosha, na paa linakuja chini.

Alitaka tushushe matangi. Mimi nilikuwa nimeshamwambia mwenye ghala aje mchana, kazi imekwisha. Nikamjibu shemeji mbele ya mafundi, "Hesabu haina majibu mawili. Au huko kwenu moja na moja ni tatu?"

Mafundi walicheka sana. Mashemeji hutaniana, hivyo hakuweza kukasirika. Alicheka naye, akavaa kofia ya kazi, akaenda kupima nguzo ya pembeni ili anionyeshe. Paa lilimwangukia akiwa na tepu ya kupimia mkononi. Jana wamemkata mguu wa kulia. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza mguu wa mtu mwingine.

Nimesikia mafundi wamewaambia polisi kwamba yeye ndiye aliyekosea hesabu. Wanarudia utani walionisikia nikimtania. Hakukosea. Mimi pia sikukosea kuhesabu. Chuma kikishavuka mpaka wake, mzigo mmoja unaweza kuwa na majibu mawili, yote sahihi. Hilo nilifundishwa chuoni, na nililijua wakati namchekesha kila mtu. Naona haya kulitamka hapa.

Hayo ndiyo maelezo yangu, nimeyatoa bila kushurutishwa.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni yake na ametia saini mbele yangu. Alipomwona mkewe amekaa kwenye benchi la mapokezi, aliniomba nikamsomee mimi maelezo haya, kwa kuwa majeruhi ni kaka yake. Nimemwambia hiyo si kazi ya polisi, nikamfungulia mlango.