Machela ya Prisca

Hapana Stambuli, aliyefika zahanati amebebwa si dada yangu Prisca. Ni mwanawe! Emmanuel, yule wa duka la simu mjini!

Dada kateguka mguu shambani huku Mgeta. Vijana wakafunga machela wamteremshe. Emmanuel kawasukuma, kashika mti wa mbele wa machela: "Pisheni, mama yangu nambeba mwenyewe." Miaka arobaini na mbili, huyo, na sokoni hapo jirani anakwenda kwa pikipiki.

Hatua mia hazikufika! Jasho, midomo imempauka, anahema mpaka anatia huruma. Kakaa chini puu.

Dada akashuka kwenye machela. Akashuka, Stambuli! "Mlazeni huyu. Mimi nipeni fimbo."

Mgonjwa anachechemea nyuma, mbebaji kalala!

Nesi kawapima wote. Dada, miaka sabini na moja, moyo shwari. Emmanuel presha juu, sukari inamnyemelea. Nesi kamwambia, "Kaka, pumzi fupi hivi ndiyo njia ya maradhi ya moyo. Mama vilima vimemtunza. Wewe usipotembea, atakuzika."

Na Emmanuel anajua mama yake keshazika watoto wawili.

Lakini kurudi, eti anauliza machela ya pili iko wapi! Dada kamjibu kutoka juu ya yake: "Panda pole pole, tutakungoja."

Kapumzika mara saba. Jitu zima, mara saba! Ugali unapoa, dada kakataa usifunuliwe. Emmanuel alipotokea mlangoni, kalowa chapachapa, ndipo tukanawa, tukakaa wote, tukala.