Mafuta Aliyotumia Mghoi

Alhamisi. Voi imeamka na upepo wa vumbi jekundu, na kufikia saa nne jua lilikuwa limeshachoma mabati. Nimefunga madirisha. Nyumba iko kimya mpaka nasikia friji ikinguruma.

Leo nimeitoa tarumbeta kwenye sanduku lake kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mghoi.

Mghoi alikuwa mke wangu. Tulipiga tarumbeta pamoja kanisani kwa miaka mingi, yeye na yake, mimi na yangu. Alipougua mwaka jana nikaifunga yangu. Yake ilirudi kanisani, maana ilikuwa mali ya kanisa. Sasa Jumapili iliyopita mchungaji alinishika mkono mlangoni.

"Mzee Mwadime, Jumamosi kuna harusi. Bibi harusi anataka tarumbeta. Sina mwingine wa kumwomba."

Nikakubali kabla sijafikiri.

Basi asubuhi nikaketi kujaribu. Pistoni, vile vitufe vitatu vya kubonyeza, zikashuka na zisipande tena. Zimekauka. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba sijawahi kuzitia mafuta mimi mwenyewe. Ilikuwa kazi ya Mghoi. Kila Jumamosi jioni alizitoa zote, zake na zangu, akazifuta kwa kipande cha fulana kuukuu, akazidondoshea mafuta na kuzirudisha huku akiimba kwa pua.

Chupa yake nimeiona kabatini. Ya plastiki, lebo imefutika yote.

Tupu.

Nikaibeba mjini pamoja na tarumbeta. Fundi wa pikipiki karibu na stendi alinipulizia dawa ya kutu. "Mzee, hii inalegeza kila kitu!" Kweli pistoni zikakimbia, nikamshukuru. Kabla sijavuka barabara zilikuwa zimeanza kukwaruza upya.

Nikaingia kwa Bi Zuhura, mama mmoja wa Mombasa anayeuza vipuri vya cherehani. Alinipa pole tena, kama anavyofanya kila akiniona, kisha akaifungua chupa na kuinusa.

"Nasikia mafuta ya taa, Bwana Mwadime. Lakini mafuta ya taa nyumba gani hayamo? Pengine ni mikono tu iliyoishika. Sitaki kukudanganya."

"Na nikitia ya kupikia?"

"Usithubutu! Yataganda yawe gundi. Huoni sufuria isiyooshwa inavyokuwa? Chukua haya ya cherehani, uyajaribu."

Nimeyajaribu hapa nyumbani. Ni mazito. Pistoni zinapanda, ila kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, na noti moja inaiburuta nyingine.

Niliketi na chupa mbili mezani na swali moja, na mwenye jibu hayupo. Watu husema kipindi kigumu ni mazishi. Mazishi niliyamudu. Nilisimama, nikasalimia watu, nikahakikisha wageni wamekula. Leo mafuta yamenishinda, nikalia.

Nilipomaliza kulia nikampigia Wakesho, dadake Mghoi, kule Kasigau. Hatukuwa tumezungumza tangu matanga.

"Shemeji! Nilidhani umetusahau kabisa."

Nikamweleza shida yangu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Ile chupa? Mafuta ya dukani yaliisha zamani! Dada alikuwa akijichanganyia mwenyewe. Ya cherehani, halafu ya taa kidogo kuyafanya mepesi. Alinikataza kukwambia, maana wewe ulikuwa ukiyasifu eti mafuta ya Nairobi hayana mfano."

Nikacheka na mimi. Halafu nikaiweka simu mezani bila kuikata.

Nikazifuta pistoni upya, nikachanganya kidogo kwenye kifuniko. Mara ya kwanza nilizidisha ya taa, harufu ikanipanda kichwani. Nikaongeza ya cherehani. Zikashuka, zikapanda, bila hata mlio. Wakesho alikuwa bado kwenye simu.

"Haya, piga nisikie," akasema.

Nikaupiga wimbo wa kuwaingiza maharusi mwanzo hadi mwisho. Hakuna kilichokwama. Lakini nilipomaliza akaniuliza:

"Shemeji, mbona siusikii wimbo wenyewe?"

Hakukosea. Mimi siku zote nilipiga sauti ya pili. Ya kwanza, ile watu wanayoijua na kuiimba, ilikuwa ya Mghoi. Nilichokuwa nimempigia ni ile ya chini peke yake, inayosimama hapa na pale kumpisha mtu.

Nikamwambia hivyo. Basi akaanza kuimba ya kwanza mwenyewe, mtandao ukimkatakata, nami nikamfuata na yangu. Kuku wake walikuwa wakilia nyuma. Tukaufikisha mwisho.

Sasa jua linazama upande wa milima ya Taita. Midomo imevimba na vidole vinanuka mafuta ya taa. Wakesho ameniambia nisikae tena kimya vile, nikamwahidi.

Kesho ninayo mchana kutwa, na nitautumia kujifunza sauti ya kwanza. Sijui kama pumzi yangu itafika kule juu alikokuwa akifika bila kukunja uso.

Nikifika, ya pili haitakuwa na mtu.