Ekari Moja na Nusu ya Mwalimu Rosaline

Rosaline Wacera Nderitu
1948 – 11 Juni 2004

Mwaka mmoja umekatika, Mama Kabura, tangu Ijumaa ile ulipotuacha hospitalini kule Eldoret, Kabura akiwa amekushika mkono na mimi nimesimama mlangoni nikijifanya natafuta daktari. Watoto wamesema mimi mumeo ndiye niandike. Niliwaambia mimi si mtu wa kuandika. Wakaniwekea kalamu mezani, wakatoka, wakafunga mlango. Huo ukaidi unajua waliutoa kwa nani.

Basi wasomaji watuvumilie, maana hatujaja hapa kulia. Wako watu Kitale na Bungoma waliosema kwamba mwaka ukiisha, shirika lako nalo litakuwa limekwisha. Mwaka umeisha. Shirika lipo. Tumetaka wasome wenyewe, kwa macho yao.

Wasiokufahamu waambiwe kwamba uliacha kazi ya ualimu mwaka wa tisini na mbili, ukakodi chumba nyuma ya duka la mbegu hapa Kitale, ukaandika mlangoni kwa chokaa: Udongo Kwanza. Ulikuwa mkurugenzi, karani na mfagiaji wa hicho chumba. Mimi nilikucheka. Nilisema mwanamke mwenye akili timamu hawezi kuacha mshahara ili akafundishe wakulima kulima. Ulinijibu kwamba wakulima wanajua kulima, ila udongo umechoka na hakuna anayeuuliza unaumwa wapi. Kisha ukaniomba nikusaidie kubeba meza.

Uliwafundisha watu kuchimba mara mbili. Udongo wa juu unawekwa kando, wa chini unalainishwa hapo hapo shimoni, halafu wa juu unarudishwa pamoja na mboji, tuta linainuka laini kama mkate. Kipande kidogo hivyo kinalisha nyumba. Hukutaka mtu akope mbolea ya dukani kisha auze mahindi yote kuilipia. Ulikwenda kanisani na gambuti za shambani miguuni. Ulisalimia watu kwa kushika kiganja na kukigeuza, uone kama kina sugu, na mchungaji wetu ambaye kiganja chake ni laini hakukupenda kwa sababu hiyo. Ukiingia shamba la mtu hukungoja kukaribishwa. Ulichota udongo, ukaunusa, ndipo ukauliza habari za nyumbani.

Kisha ukaenda Bungoma, mwaka wa tisini na saba, na hapo ndipo nilipoanza kukukosa.

Uliitwa na Wabwile, kijana wa Kanduyi aliyesoma kozi yako mpaka akaimaliza mara mbili. Mlianza na tuta la kwanza nyumbani kwao, karibu na nyumba ya babake. Wewe mtu wa Trans-Nzoia hukujua, na Wabwile kwa furaha yake alisahau, kwamba kwao hakuna anayefungua shimo karibu na nyumba yenye mgonjwa. Na mzee alikuwa ndani, mgonjwa. Mama yake Wabwile alitoka jikoni, akaona shimo refu na udongo umelundikwa pembeni, akapiga nduru. Majirani wakaja mbio, wengine wamebeba kuni na mitungi ya maji, tayari kwa matanga. Ulisimama katikati ya shimo na jembe lako, matope mpaka magotini, hujui pa kuangalia.

Ndipo mzee mwenyewe akatoka, ameegemea fimbo. Akaliangalia shimo kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Sasa hii kabuli mbona ni lefu hivi?" akasema. "Munataka kunizika pamoja na ng'ombe yangu?"

Ulipiga magoti ukaomba msamaha. Yeye akaagiza aletewe kiti, kwa sababu alitaka kuona vile hiyo kazi inaisha. Waombolezaji nao, kwa kuwa walikuwa wameshafika na kuni zimeshafika, walichemsha chai wakakaa. Jioni, watu tisa kati yao walikuwa wameshika jembe. Mzee alikula mboga za managu na kunde za tuta lile kwa miaka minne mingine, na kabla ya kufa alikubali kukuuzia ekari moja na nusu upande wa barabarani. Uliinunua kwa malipo yako ya kuacha ualimu. Ikawa shamba la mafunzo, na hati ikaandikwa jina lako.

Hiyo ekari moja na nusu ndiyo nataka kuisemea, kwa sababu nina jambo la kukiri kwako mbele ya watu.

Kwa miaka saba Bungoma ilikuchukua Jumatatu ikakurudisha Ijumaa. Ulipanda gari hadi Webuye, ukabadilisha, ukafika Bungoma, ukakaa upande upande nyuma ya baiskeli ya boda boda na begi la mbegu mapajani. Ulirudi umechoka, umejaa habari za watu ambao mimi sikuwajua. Chelangat, mwanafunzi wako wa Kapsokwony, ameotesha miche mia nne. Wabwile amegombana na chifu. Mimi nilikula chakula kilichopashwa moto na nikaitikia "mm". Ulipougua na kusema ni uchovu tu, niliulaumu ule udongo. Ulipokufa, niliuchukia.

Kwa hiyo wiki tatu baada ya mazishi, mwenyekiti wa kamati ya shirika alipokuja nyumbani na maneno yake mazuri, hakuhangaika kunishawishi. Jina lake hatuliandiki, tangazo hili ni lako. Alisema shirika lilikuwa ni wewe. Alisema Wabwile hana cheti na Chelangat aliishia darasa la sita, na hao hawawezi kuongoza kitu. Alisema yuko mtu wa miwa anayetafuta shamba la kukodi kwa mkataba wa miaka mingi, na kwamba kupumzisha lile shamba itakuwa heshima kwako.

Nilimwambia, "Lete karatasi nitie sahihi."

Kabura alininyima salamu kwa wiki mbili. Wachira alijaribu kunisihi nikamfukuza mezani. Mary Ann, kitinda mimba wetu, alikuwa anakunja gambuti zako na kuzikunjua, na mimi nikatoka nje nisimwone.

Tulikwenda Jumanne moja ya Agosti, mwenyekiti, mtu wa miwa na kamba yake ya kupimia, na mimi. Nilitarajia magugu. Nilitarajia kimya, kusema kweli nilikitaka kile kimya. Tukakuta watu zaidi ya thelathini, wengi wao akina mama, wako ndani ya mashimo mpaka mapajani. Hakuna aliyewaita. Ilikuwa Jumanne, na Jumanne ni siku ya mafunzo. Wabwile alikuwa anageuza mboji. Chelangat alikuwa amepiga magoti juu ya ubao, anaonyesha mama mmoja jinsi ya kuachanisha miche ya mboga ya saga, na alikuwa anasema maneno yako, pole pole, kwa lafudhi ya mlimani.

Wote walituona. Hakuna aliyeacha kazi.

Mtu wa miwa akaanza kufungua kamba. Mwenyekiti, ili apate pa kusimama aonekane, akapanda juu ya tuta lililokuwa limetoka kuchimbwa asubuhi ile. Kiatu chake kikazama mpaka kifundoni. Akainua mguu, akaongeza hatua nyingine, na nyingine, huku anasema, "Akina mama, nisikilizeni kidogo."

Sheria yako ya kwanza ilikuwa kwamba tuta halikanyagwi. Mtu anapita njiani, na akitaka kufika katikati anaweka ubao. Udongo uliochimbwa kwa siku nzima unakufa kwa nyayo mbili tatu. Ulikuwa unawapigia kelele watoto wetu kwa hilo, ukawapigia wageni kutoka Nairobi, ukampigia mchungaji.

Na pale nikasikia sauti ya mtu ikipiga kelele, "Shuka kwa tuta!"

Ilikuwa sauti yangu, Mama Kabura. Sijui ilitoka wapi. Miaka yote hiyo niliyoitikia "mm" kumbe nilikuwa nasikia.

Mwenyekiti alinigeukia kama mtu aliyepigwa kofi. "Mzee, mimi ndio mwenyekiti hapa."

Mama yake Wabwile alijinyoosha ndani ya shimo lake, mkono kiunoni. "Ata kama," akasema. "Miaka saba wewe ni mwenyekiti, na haujui mtu hukanyaga wapi? Si ushuke, bana!"

Walicheka wote. Chelangat hakucheka. Alimletea ule ubao, akauweka chini taratibu ili apate kushukia, akisema tu, "Pitia hapa, mzee. Pole." Kisha akarudi kwenye nyayo alizoacha mwenyekiti, akaanza kuzilainisha kwa vidole, moja baada ya nyingine.

Mtu wa miwa aliniuliza, "Sasa mzee Nderitu, tunapima ama hatupimi?"

"Hatupimi," nikamwambia.

Nililia pale barabarani, sitaficha. Nililia kuliko nilivyolia siku ya kukuzika.

Mwenyekiti aliondoka kwenye kamati na akasema mjini Kitale kwamba shirika halitafika Krismasi. Krismasi tulikula mboga ya mrenda ya shamba lako, sisi sote, na Kabura alinipakulia mwenyewe. Mwenyekiti yule akasema basi, hatutafika masika. Masika tulipata darasa kubwa kuliko yote, watu walitoka Chwele na Kapsokwony kwa miguu, na Wabwile akalazimika kulifundisha kwa zamu. Siku hizi mwenyekiti yule hasemi kitu. Akisoma hapa, tunamsalimia.

Kamati mpya imewapa Wabwile na Chelangat uongozi, wote wawili pamoja, bila vyeti. Wanagombana kila siku juu ya mbegu, kama ulivyokuwa unagombana nao. Kazi inaendelea.

Ndugu zangu nao waliniita nyumbani wakaniuliza kwa nini ardhi ya mke wangu ishikwe na watu wa makabila mengine, Mbukusu na Msabaoti. Niliwajibu. Jibu nililowapa halifai kuandikwa gazetini, na wewe ungelifurahia.

Lakini najijua. Mimi ni yule yule aliyesema "lete karatasi". Huzuni haijaniacha, inakuja Jumatatu asubuhi nikiona begi lako msumarini, na mtu mwenye huzuni anaweza kutia sahihi chochote. Mahakama ilipomaliza mambo ya urithi mwezi wa nne, nilienda na watoto wetu watatu ofisi ya ardhi Bungoma. Ekari moja na nusu sasa ni ya wanaoilima, kwa jina la kikundi chao. Karani aliniuliza mara mbili kama nimeelewa kwamba siwezi kuirudisha. Nilimwambia ndiyo sababu nimekuja.

Jumamosi hii, tarehe 11 Juni, hakutakuwa na hema wala wali wa sufuria kubwa. Tutakuwa Kanduyi kuanzia saa mbili asubuhi, tukichimba. Anayekupenda aje na jembe lake. Mimi nimepewa tuta langu mwenyewe, na Chelangat amesema ni baya.

Unakumbukwa na mumeo Nderitu. Watoto wako Kabura, Wachira na Mary Ann. Wakwe na wajukuu. Dada zako wa Kiminini. Mama yake Wabwile, anayesema wewe ni binti yake na hataki kuulizwa. Wabwile na Chelangat. Na wanafunzi wako wote wenye sugu viganjani.

Tutakukumbuka siku zetu zote, Mama Kabura, na shamba haliuzwi.