Sharti la Abass Kabla ya Sindano

Nguvumali,
S.L.P. 1187,
Tanga.
20 Novemba 1994

Mpendwa dada yangu Rahila,

Asalaam aleikum, na shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute salama, wewe na shemeji Khalfan na watoto wote, na goti lako la kushoto liwe limepata nafuu. Amour, anayekuja na kurudi huko kwenu, ametuambia siku hizi unapanda ngazi kwa kushika ukuta. Nilicheka, kisha nikahuzunika, maana wewe ndiye uliyekuwa ukituacha nyuma tukienda Tongoni kwa miguu. Yale mafuta ya nazi yenye karafuu niliyokupelekea yapake, usiyapange kabatini kama pambo.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Vuli imeanza vizuri, na uani kwangu mchicha umeota hata nisipopanda. Semeni amefanya mtihani wa darasa la saba, anangoja majibu, na kila siku ananiuliza kama yametoka, utadhani mimi ndiye wizara. Viatu ulivyomletea vinambana, lakini hataki mtu ajue. Anakwenda navyo chuoni hivyo hivyo, akirudi anachechemea.

Mwanakombo, mke wa marehemu kaka yetu, amekwisha toka eda. Asubuhi anachoma vitumbua pale barazani, mahali Abass alipokuwa akiweka meza yake ya redio. Mwanzo sikuweza kupita upande ule. Sasa napita, na nanunua.

Dada, tangu Mfunguo Tatu hujanijibu. Nimekuandikia mara tatu. Nilisingizia posta, nikasingizia hata stempu. Amour alipokuja mwezi uliopita nikamkalisha jikoni nikamuuliza. Alizunguka sana, mwisho akasema, "Dada Rahila ameambiwa mmemkata kaka yake ini mkawauzia Wazungu, na kwamba amezikwa pungufu."

Maneno hayo yalinikata maini, lakini sikukasirika nawe. Ningekuwa mimi niko Maskati nikayasikia, nami ningenyamaza. Kosa ni langu, kwa sababu nilikuandikia tu kwamba ndugu yetu amefariki kwa maradhi ya ini, nikaona nimemaliza. Niliogopa. Leo nakueleza yote yalivyokuwa, na baada ya hayo kuna jambo linalokuhusu wewe mwenyewe. Kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho, hata ukiwa na hasira.

Abass alianza kukonda mwaka jana. Unakumbuka kwamba kiwanda kilipopunguza watu alirudi nyumbani, akawa anasuka mota na kutengeneza redio. Tulipomwambia amekonda alisema ni kwa kuwa hali tena wali wa kantini. Maumivu ya upande wa kulia alisema ni ya kuinama. Akameza dawa za malaria, zikaisha. Akanywa mizizi ya huko Muheza, ikaisha. Mwezi wa Rajabu alikuja kunitengenezea feni, nikaona ameshika bisibisi na amepumzika mara mbili kabla ya kufungua skrubu moja. Nikamtazama machoni, njano. Nikamgusa chini ya mbavu, nikakuta pagumu kama ubao.

Kesho yake nilimpeleka hospitali mwenyewe. Picha ikaonyesha uvimbe kwenye ini, mkubwa kuliko chungwa, na mwingine mdogo ubavuni mwake. Daktari wa wodi akaniita pembeni akasema haukatiki.

Sasa kuhusu kazi yangu. Unajua niko maabara. Usilolijua ni kwamba tangu mwaka juzi nimepangiwa kumsaidia Daktari Eliudi, Mshambaa wa Lushoto anayefanya utafiti wa saratani ya ini kati ya hapa na Ulaya. Nitakueleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza wagonjwa. Kila chembe ya mwili wetu ina maelekezo yale yale tuliyorithi kwa baba na mama, nayo huitwa jeni. Lakini jeni hazifanyi kazi zote kila mahali. Za kutengeneza nyongo zinafanya kazi kwenye ini, kwenye jicho zimelala. Daktari anataka kujua, katika uvimbe, ni jeni zipi zimeamka zisizotakiwa, na zipi zimelala wakati zilipaswa kuwa macho zimlinde mtu.

Ili apate kulinganisha anahitaji vipande viwili, kimoja cha uvimbe na kimoja cha sehemu nzima ya ini lile lile. Dada, kipande chenyewe hutolewa kwa sindano, ni chembamba kama uzi na urefu wake hauzidi punje mbili za mchele. Cha kwanza huchukuliwa kwa vyovyote, ugonjwa upate kuthibitishwa. Cha pili ni cha utafiti tu, na mgonjwa ana haki ya kukataa. Mzee mmoja wa Tongoni alikataa. Nikamshukuru, nikampelekea chai, na tiba yake ikaendelea vile vile.

Nilikuwa nimeshawauliza watu ishirini na sita. Wa ishirini na saba akawa Abass.

Sikuweza. Nilimwomba Sista Bibiana wa wodini aende yeye na karatasi. Alirudi nayo haina kitu. "Anasema hasikilizi mtu mwingine," akaniambia, "anakutaka wewe."

Nikaenda. Alikuwa ameketi kitandani, tumbo limejaa, Mwanakombo anamkanda miguu.

"Wewe wagonjwa wako unawaelezaje?" akaniuliza.

"Wewe ni kaka yangu."

"Leo ni mgonjwa wako. Nieleze kama unavyowaeleza."

Nikamweleza. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza redio mbovu, kichwa upande. Kisha akasema, "Kwa hiyo nyaya ni zile zile nyumba nzima, ila kila chumba kina swichi zake. Na humu kuna mtu kawasha pasipowashwa."

"Ndivyo."

"Sindano ya pili ina hatari?"

"Inayo. Damu inaweza kuvuja ndani. Kwa wale waliokubali haijatokea, lakini inaweza."

"Na mimi nitapata nini?"

Dada, hapo nilitamani kumdanganya. Nilitamani kusema kwamba huenda huko Ulaya wakapata dawa wakaileta kabla ya Idi. Nikamwambia, "Wewe hutapata kitu. Labda watakaokuja."

Mwanakombo aliacha kumkanda. Abass akaivuta ile karatasi. "Sawa," akasema. "Lakini nina sharti. Andika hapo chini: wakijua jambo linalowahusu ndugu zangu au wanangu, wawaambie."

Nikamwambia karatasi haina nafasi ya maneno hayo, na utaratibu ni kwamba vipande vinakwenda kwa namba, majina hayaendi, na majibu ya mtu mmoja mmoja hayarudi.

"Basi andika pembeni. Peni si unayo?"

Nikaandika pembeni. Akaniambia niandike majina, na akaanza na lako. Nikamuuliza kwa nini wewe kwanza. Akasema, "Wewe uko hapa hapa, utasikia tu. Rahila yuko mbali, ndiye atakayesahauliwa." Daktari Eliudi alipokuja akayasoma yale maneno mara mbili. Nilidhani atayafuta. Akatia sahihi yake chini ya ya Abass.

Sindano ilichomwa Jumatano, mwezi wa Shaabani. Mwanakombo alimshika miguu, mimi nilimshika mkono. Damu haikuvuja. Vipande viwili nilivichukua mimi mwenyewe nikavitia kwenye vichupa, nikavishusha kwenye tangi la baridi kali tunamohifadhia, nikabandika namba. Siku zote namba zilikuwa namba. Siku ile nilifunga kifuniko, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya jengo mpaka nilipoweza kurudi kazini. Hakuna aliyelipa, hakuna aliyelipwa.

Aliishi wiki tisa zaidi. Ramadhani ilimkuta nyumbani kwake, hakufunga, na jambo hilo lilimuuma kuliko ini. Sikukuu ya Idi aliketi barazani akiwapa watoto peremende. Siku kumi baadaye, asubuhi, baada ya uji aliouonja tu, akatutoka. Mimi na Mwanakombo tulikuwapo. Alikuulizia wewe siku ya mwisho, kama umeandika. Nilimwambia umeandika, nami sikuwa nimesema uongo, barua yako ilikuwa chini ya mto wa kitanda chake.

Alioshwa na Zubeiri mume wangu pamoja na Mzee Idarusi. Nilimuuliza Zubeiri, kwa sababu nami nilikuwa na wasiwasi kama wewe. Akasema chini ya mbavu palikuwa na alama mbili kama za kuumwa na mbu, zimeshafifia, na pengine pote mwili ulikuwa mzima. Kwa hiyo kaka yetu hakuzikwa pungufu. Nakuapia kwa Mola wetu.

Uvumi ulianzia matangani. Mjomba Kombo aliniuliza mbele za watu kama ni kweli. Nikasema ni kweli, nikaeleza kama nilivyokueleza wewe. Akauliza, "Mwenyewe alikubali?" Nikajibu alikubali. "Basi lilikuwa lake," akasema, akaendelea kula. Lakini waliokuwa mlangoni walisikia nusu, na nusu ndiyo iliyosafiri. Siwalaumu. Siku hizi kila kitu ruksa, watu wameona mashine za viwanda zikipakiwa kama chuma chakavu na nguo za marehemu wa Ulaya zikitandazwa sokoni. Ukiwaambia ini nalo limepanda ndege, watasema limeuzwa.

Sasa nifike kwenye hilo linalokuhusu.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi Daktari Eliudi alirudi. Hakuniita kazini, alikuja hapa nyumbani, akavua viatu, akakaa jamvini, na chai hakuigusa mpaka aliposema alichokuja kusema. Alikuwa na nakala ya ile karatasi, na maneno ya pembeni ameyapigia mstari. Katika uvimbe wa Abass wamekuta jeni moja ya ulinzi imeharibika, na nyingine za kukuza chembe zikifanya kazi kupita kiasi. Na humo humo, katikati ya jeni zake, wamekuta virusi vya homa ya ini, vile vinavyoitwa aina ya B. Alivipata zamani, akiwa mdogo. Mara nyingi mtoto huvipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, au kwa ndugu zake wa nyumbani kabla ya kwenda shule.

Kabla hajamaliza nilikuwa nimekwisha fahamu. Sisi watatu tumetoka tumbo moja, na tumelala kitanda kimoja.

Tulipimwa wiki iliyofuata. Mwanakombo hana. Wanawe wawili wadogo hawana, na wamechanjwa. Mkubwa anavyo. Semeni wangu hana, amechomwa sindano ya kwanza na amelia kama mtoto mchanga. Mimi ninavyo, dada.

Kwa siku tatu sikumwambia mtu ila Zubeiri. Nilipika, nilikwenda kazini, nilipima damu za watu. Siku ya nne nikaona nikiendelea kunyamaza, wewe ndiye utakayesahauliwa, kama alivyosema yeye. Hata hivyo nimechukua wiki nyingine mbili kupata maneno ya barua hii. Nisamehe na kwa hilo.

Usishtuke. Kuwa navyo si kuwa mgonjwa. Daktari anasema wengi hufika uzeeni wasidhurike. Mimi nitapimwa ini kila miezi sita, kitu kikianza kionekane mapema. Haviambukizi kwa kula sahani moja wala kukumbatiana, basi mtu asitengwe. Na karanga au mahindi yenye kuvu usiyale, wala usimpe kuku, maana sumu ya kuvu na virusi hivi vikikutana ndani ya ini ni vibaya. Nilikumbuka miaka ile ya foleni tulipokula unga mchungu tukashukuru tumeupata. Nilimuuliza Daktari kama ndio uliomuua Abass. Akasema hawezi kujua, na mimi nimeridhika na jibu hilo kuliko angejifanya anajua.

Kwa hiyo, dada yangu, nenda ukapimwe. Nenda na wanao Muhsin na Zuwena, na yule mjukuu mpya mwulizeni daktari kama chanjo yake imekamilika. Huko kwenu vipimo na chanjo vipo, hamtasumbuka kama sisi. Ukishapata jibu niandikie, hata kama bado umeninunia. Andika neno moja tu, ninavyo au sina, utie kwenye bahasha. Hayo mengine njoo tugombane uso kwa uso, chumba chako nimekipaka chokaa.

Zubeiri na Semeni wanakusalimu sana. Mwanakombo anakusalimu, na Mjomba Kombo anauliza lini utamletea kofia. Nisalimie shemeji Khalfan, Muhsin, Zuwena na mtoto. Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yetu, awalinde walio njiani na walio mbali, na atukutanishe tukiwa na afya.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unaponinyamazia,

Nasima